Mbwa Hana Mwenyewe Siku ya Kuuma

Katika kijiji kimoja wilayani Kasulu kuna mbwa mwekundu mwenye kovu sikioni, ambaye kwa muda fulani alikuwa maarufu kuliko mwenyekiti. Wezi wa mbuzi walipita usiku, yeye akawabwekea hadi watu wakatoka na mapanga, wezi wakatupa kamba wakakimbia. Wiki nzima mwenye mbwa hakununua pombe kwa hela yake. Kila aliyemkuta kilabuni alimwambia, "Mzee, mbwa wako ni askari." Naye alijibu, "Wangu huyo. Nimemlea tangu hajafumbua macho."

Wiki ya tatu, mbwa yuleyule akamuuma mtoto wa miaka saba aliyetumwa chumvi dukani.

Mimi nilikuwa kwenye benchi nje ya ofisi ya kijiji, nikimsubiri mtendaji kwa habari nyingine kabisa, habari ya bei ya maharage. Mama akafika na mtoto mgongoni, mguu umefungwa kipande cha khanga. Mwenye mbwa akaitwa. Akaja, akasalimia kwa heshima zote, akapiga makofi taratibu kama desturi ya Waha inavyotaka, akakaa. Kisha akasema maneno ambayo nimeyasikia karibu katika kila ugomvi wa mbwa niliowahi kuufuatilia:

"Yule mbwa si wangu. Anakuja tu pale nyumbani kuokota makombo."

Watu walicheka. Mama hakucheka. Mzee mmoja wa baraza, aliyekuwa kimya muda wote akichora chini kwa fimbo, akamuuliza: "Makombo hayo anapewa na nani? Na usiku analala kwa nani?" Mwenye mbwa akanyamaza. "Basi," mzee akasema. "Anayemlisha ndiye mwenyewe. Mtoto apelekwe hospitali kwanza. Maneno mengine tutaongea akishachomwa sindano."

Shauri lilikuwa limechukua kama dakika kumi. Sitataja kijiji wala watu, maana jambo lilikwisha na majirani wanasalimiana. Lakini swali la yule mzee nilirudi nalo mjini na halikuniacha. Nani hasa ni mwenye mnyama? Na je, sheria ya nchi ingemuuliza yule bwana swali lilelile? Nilipoanza kusoma niligundua kwamba huku kwetu, Kasulu na Kibondo, swali hilo lina historia ndefu, na kwamba kila aliyetutawala alikuja na jibu lake.

Tuanze na ng'ombe, maana Buha huwezi kuanza na mnyama mwingine. Nchi hii ya milima na migomba, toka Heru upande wa Kasulu hadi Muhambwe upande wa Kibondo na Buyungu ambako leo ni Kakonko, ilikuwa na falme kadhaa, kila moja na mwami wake. Chini ya mwami walikuwapo watwale, wakuu wa maeneo. Na kabla ya wote hao walikuwapo wateko, wazee wa ardhi, walioshika ibada za nchi na ugawaji wa mashamba.

Katika falme hizo kulikuwa na mpango ulioitwa ubugabire. Mtu mwenye ng'ombe wengi, mara nyingi Mtutsi, alimpa mkulima ng'ombe akae naye. Mkulima, ambaye sasa aliitwa mugabire, alikamua maziwa na kutumia samadi shambani. Kwa upande wake alitoa kazi, pombe na utii. Ng'ombe mwenyewe alibaki wa yule aliyemtoa, na uhusiano ukivunjika angeweza kumtaka arudi.

Wasomi wameuandika ubugabire kama habari ya utawala: nani alikuwa juu na nani chini. Ni kweli, na haikuwa habari ya kufurahisha kwa aliyekuwa chini. Ila mimi naona humo jambo lingine. Ukimkuta ng'ombe malishoni ukauliza "huyu ni wa nani?" hupati jibu moja. Mmoja ana jina, mwingine ana kamba. Mmoja anahesabiwa utajiri, mwingine ndiye anayemfungua asubuhi, anayejua kama anapiga teke, anayemrudisha jioni. Watu walioishi hivyo kwa vizazi hawakuhitaji mwanasheria wa kuwaeleza kwamba kumiliki ni jambo moja na kutunza ni jambo la pili.

Mpango huo ulidhoofika kwa sababu nyingi. Sotoka ya miaka ya 1890 iliua ng'ombe Afrika Mashariki nzima. Mbung'o walisogea na malale yakafuata, hata miaka ya 1930 serikali ya Waingereza ikawahamisha watu wa sehemu za Buha na kuwakusanya katika makazi ya pamoja ili kuukwepa ugonjwa. Kisha ikaja hela. Wanaume wa Kasulu na Kibondo walikwenda manamba kwenye mashamba ya mkonge ya Tanga na Morogoro, na kuanzia 1944 shirika la wenye mashamba la kuajiri vibarua, SILABU, liliwachukua huku kwa wingi. Wapo waliorudi na hela ya kununua mbuzi, hata ng'ombe, asiyedaiwa na bwana yeyote. Nadhani hapo ndipo neno "wangu" lilipokuwa jepesi mdomoni.

Sasa tuvuke bahari kidogo, maana jibu la pili lilitoka London.

Waingereza walipokabidhiwa Tanganyika baada ya Vita ya Kwanza, mfalme wao alitoa amri ya mwaka 1920 kuhusu namna nchi itakavyoendeshwa. Ndani yake kulikuwa na sentensi iliyobeba mzigo mkubwa: mahakama za Tanganyika zitatumia sheria ya Uingereza isiyoandikwa na Bunge, yaani ile inayotokana na hukumu za majaji, kama ilivyokuwa tarehe 22 Julai 1920, kwa kadiri hali ya nchi na watu wake inavyoruhusu. Tulipokaribia uhuru, sentensi hiyo iliingizwa katika sheria yetu ya mwaka 1961 kuhusu mahakama na matumizi ya sheria, na bado imo. Yaani pale ambapo Bunge letu halijatunga kitu, na mila haigusi, jaji wa Tanzania anarudi kwenye kabati la Waingereza la Julai 1920 na kuangalia kilichomo.

Kuhusu wanyama, kilichomo ni hiki. Mwaka 1846 mahakama ya London iliamua kesi ya May na Burdett. Mwanamke aliumwa na tumbili aliyefugwa na mdaiwa. Majaji wakasema: anayemfuga mnyama akijua ni mkali anafanya hivyo kwa hatari yake mwenyewe. Akidhuru, utalipa, hata kama ulimfunga kwa uangalifu gani. Neno zito hapo ni "akijua". Kwa mnyama mkali kwa asili, kama simba, sheria inahesabu kwamba unajua. Kwa mnyama wa nyumbani, kama mbwa, aliyeumwa ndiye mwenye kazi ya kuthibitisha kwamba mfugaji alijua kuwa mbwa huyu hasa ana tabia ya kuuma. Mara nyingi ushahidi wake ni kwamba alishauma au alishajaribu kuuma. Ndiyo maana Waingereza wakawa na msemo kwamba mbwa anaruhusiwa kuuma mara ya kwanza bure.

Ukishindwa kuthibitisha hilo, unabaki na njia ya uzembe: kwamba mfugaji hakuchukua tahadhari ambayo mtu mwenye busara angechukua. Nayo unaithibitisha wewe.

Sasa linganisha na mbuzi. Katika kabati hilohilo la 1920 kuna kanuni nyingine inayohusu mifugo kuingia shamba la mtu. Ng'ombe, mbuzi, kondoo au nguruwe akivuka mpaka na kula mazao yako, mwenye mnyama analipa. Hakuna anayeuliza kama alijua kuwa mbuzi wake anapenda mahindi.

Soma tena, msomaji. Mbuzi akila mahindi, sheria haiulizi kitu. Mbwa akila mguu wa mtoto, sheria inauliza: "Je, mwenye mbwa alijua?" Mahindi yanalindwa kuliko mtoto. Na usidhani ni sisi tu tuliofanyiwa hivyo. Huko kwao, sheria ya mbwa ya mwaka 1906 ilisema kwamba mbwa akijeruhi kondoo au ng'ombe, mwenye mbwa analipa bila kuthibitishwa kwamba mbwa alikuwa na tabia hiyo kabla. Mtoto wa Mwingereza aliendelea kudaiwa ushahidi. Sheria hizo zilikua katika nchi ya wenye mashamba na wenye kondoo, na zinafanana nao. Mwaka 1971 Waingereza walizifuta kanuni zao za zamani za wanyama na kuandika sheria mpya, ingawa swali la kujua hawakulitupa lote. Sisi tarehe yetu imebaki 22 Julai 1920.

Lakini nisiwe mchoyo wa haki. Katika kabati hilo nilikuta pia kesi ya mwaka 1831, ya McKone na Wood. Mdaiwa alijitetea kwamba mbwa si wake. Ulikuwa utetezi wa yule bwana wa Kasulu, karibu miaka mia mbili kabla yake. Jaji akasema haijalishi mbwa ni wa nani. Inatosha kwamba mdaiwa alimruhusu kukaa kwake. Niliposoma hapo nilicheka peke yangu. Mzee wa baraza, ambaye sidhani kama amewahi kusikia habari za McKone, alikuwa amefika palepale kwa maswali mawili: anakula wapi, analala wapi?

Hata hivyo, kwa muda mrefu sheria hiyo ya London haikumgusa mkulima wa Buha. Waingereza walitawala kupitia machifu, na sheria ya mwaka 1929 ilizipa mahakama za wenyeji kazi ya kusikiliza mashauri ya Waafrika kwa mila zao. Ugomvi wa mbuzi wa Heru ulisikilizwa Heru. Hata pale Mwami Theresa Ntare, mmoja wa wanawake wachache sana waliowahi kushika uchifu katika Tanganyika ya kikoloni, alipokalia kiti cha Heru, utaratibu ulikuwa huohuo. Mwaka 1963 serikali huru ikafuta uchifu, na mwaka huohuo Bunge likaunganisha mahakama zote katika ngazi moja, kuanzia Mahakama ya Mwanzo. Badala ya mtwale akaja hakimu mwajiriwa wa serikali, na wazee wakabaki pembeni yake kama washauri.

Tokea hapo jeraha moja lina milango miwili. Ukienda Mahakama ya Mwanzo kwa madai ya kimila, utaulizwa maswali ya kimila. Ukifungua shauri mahakama ya wilaya kwa sheria iliyotoka Uingereza, utaulizwa kama jirani alijua. Mtoto ni yuleyule, meno ni yaleyale.

Na sasa jambo ambalo, kwa maoni yangu, lilibadilisha ugomvi wa wanyama huku kuliko mahakama zote. Nalo ni nyumba zenyewe.

Waha wa zamani hawakuishi kwa kubanana. Kila mji ulikuwa katikati ya migomba yake, juu ya mgongo wa kilima, na mji mwingine uko ng'ambo. Mbwa alibweka, jirani akasikia kwa mbali. Mwaka 1972 ikaja Operesheni Kigoma. Mkoa wetu ulikuwa miongoni mwa ya mwanzo kuhamishiwa vijijini kwa wingi, kabla hata Mwalimu Nyerere hajatangaza Novemba 1973 kwamba kuishi vijijini ni lazima kwa nchi nzima. Watu wakashushwa kutoka vilimani, wakapangwa kwa mistari kando ya barabara, kiwanja kwa kiwanja.

Mengi yameandikwa kuhusu shule na zahanati zilizofuata, na kuhusu nyumba zilizochomwa ili watu wasirudi. Sijaona mtu aliyeandika kuhusu mbwa. Lakini fikiria: mbwa aliyezoea kulinda kilima kizima sasa anapewa hatua ishirini. Mtoto wa jirani anayekwenda kisimani anapita ndani ya hatua hizo. Mbuzi aliyekuwa akichungwa porini sasa amefungwa kwenye kigingi mita chache toka bustani ya mwenzako, na kamba ikikatika ni kesi. Ule ugomvi tunaouita wa kawaida, mbwa wa jirani na mbuzi wa jirani, kwa sehemu kubwa ulizaliwa miaka ile. Zamani kulikuwa na majirani, lakini hawakuwa mlango kwa mlango.

Baba yangu aliijua gharama yake. Nimekulia Kibondo, na miaka ya tisini, nikiwa mdogo, mbuzi wa jirani aliingia kwenye mahindi yetu mara ya tatu katika wiki moja. Baba, mtu mpole sana, alitoka na panga. Barazani mambo yalipimwa hivi: jirani amlipe baba mahindi, baba amlipe jirani mbuzi. Bei ya mbuzi na bei ya mistari miwili ya mahindi mnazijua. Baba alirudi nyumbani na haki yake ya debe moja, na deni la mbuzi mzima. Mama hakumsemesha hadi kesho yake.

Baadaye nimejua kwamba baraza lilikuwa na huruma. Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 325, inamfanya mkosaji mtu anayeua, kulemaza au kujeruhi kwa makusudi na bila haki mnyama anayeweza kuibwa, na mbuzi anaibika vizuri tu. Sheria ilimpa baba njia nyingine, nayo ni ya zamani: kumkamata mnyama akiwa bado ndani ya shamba, kumshikilia bila kumdhuru, na kudai fidia kwanza. Vijijini tunafanya hivyo kila siku bila kujua kwamba ni sheria. Mbuzi anapelekwa kwa mwenyekiti wa kitongoji, anafungwa kwenye mti, mwenyewe anaitwa. Kamba, tena.

Wasomaji Waislamu hapa watakumbuka kwamba swali hili limo ndani ya Kurani, katika habari ya Daud na Suleiman kuhusu kondoo walioingia shamba la watu usiku, na wanazuoni wengi wakalifafanua hivi: mchana mwenye shamba alinde shamba lake, usiku mwenye mnyama amfunge mnyama wake. Wakristo wanayo ya ng'ombe mwenye kupiga pembe katika kitabu cha Kutoka, ambako swali la "je, alionywa?" limo tayari. Kwa hiyo si Waingereza waliobuni kuuliza kama mtu alijua. Tofauti ni jinsi swali hilo linavyotumika: kuongeza adhabu ya aliyejua, au kumnyima haki aliyeumia.

Kibondo na Kasulu vina wakazi wengine ambao historia hii haiwezi kuwaruka. Miaka ya mwanzo ya sitini Watutsi wa Rwanda walivuka kuja Tanganyika, wengine wakiswaga ng'ombe wao. Mwaka 1965 Bunge likapitisha Sheria ya Udhibiti wa Wakimbizi, na ndani yake mna kipengele kinachohusu wanyama walioletwa na wakimbizi: maofisa walipewa mamlaka ya kuamuru wazuiliwe mahali fulani, wachinjwe au waondolewe kwa namna nyingine. Sababu ya magonjwa inaeleweka. Lakini ona mwenye mnyama anavyobadilika tena. Ng'ombe aliyekuwa na wenyewe wawili upande mmoja wa mpaka, akivuka, mwenyewe wa mwisho ni serikali.

Tangu hapo wamekuja wengi: Warundi wa 1972, Warundi wa 1993 baada ya kuuawa Rais Ndadaye, Wakongo wa 1996 waliofunguliwa Nyarugusu, Warundi wa 2015 waliojaza Nyarugusu, Nduta na Mtendeli. Nakumbuka wale wa 1993 wakipita Kibondo, mtoto wa rika langu amemshika mbuzi kwa kamba ya mgomba kuliko alivyomshika mdogo wake. Sheria ya Wakimbizi ya 1998 inamtaka mkimbizi akae eneo alilopangiwa na asitoke bila kibali. Kwa hiyo mkimbizi anayeumwa na mbwa wa kijiji akitafuta kuni nje ya kambi anafikiri mara mbili kabla ya kulalamika. Swali la kwanza atakaloulizwa halihusu mbwa, linahusu karatasi. Haki ya fidia ipo, ila inakaa upande wa pili wa mstari asioruhusiwa kuuvuka.

Turudi kwa mbwa mwekundu. Yule mwenye mbwa alikuwa na wajibu gani, kwa sheria za leo?

Wa kwanza umo katika Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 233, ambacho kati ya makosa ya uzembe kinamtaja mtu anayeshindwa kuchukua tahadhari dhidi ya hatari inayotazamiwa ya mnyama aliye naye. Angalia maneno: aliye naye. Kifungu hakisemi "anayemmiliki". Hata sheria ya jinai inamtafuta mwenye kamba.

Wa pili ni wa afya. Sheria ya Magonjwa ya Wanyama ya mwaka 2003 inawapa wataalamu wa mifugo nguvu ya kudhibiti magonjwa, kichaa cha mbwa kikiwemo, na ofisa mifugo wa kata akisema mbwa wachanjwe, hakuombi fadhila. Wa tatu ni wajibu kwa mbwa mwenyewe: Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya 2008 inamtaka mfugaji asimtese mnyama, amlishe, amtibu. Mbwa anayelala njaa hatembei kijijini kwa kupenda. Na wa nne ni ule ambao kijiji kinajiwekea. Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) ya 1982 inakiruhusu kijiji kutunga sheria ndogo, zikaanza kutumika zikishaidhinishwa na halmashauri ya wilaya. Kijiji kinaweza kuandika: mbwa afungwe mchana, achanjwe kila mwaka, anayemlisha ndiye atakayelipa.

Naye mwenye mbwa ana haki zake. Mbwa ni mali. Jirani hawezi kumwekea sumu kwa sababu anabweka usiku, na mgambo hawezi kumpiga rungu kwa sababu tu mtu kakasirika.

Sasa kwa nini nimesema yule mzee alikuwa na akili kuliko kabati la 1920? Kwa sababu ya kichaa cha mbwa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2002 ulikadiria kwamba ugonjwa huu unaua karibu watu 1,500 Tanzania kila mwaka, na duniani watoto ni sehemu kubwa ya wanaokufa. Dalili zikishaanza, karibu hakuna anayepona. Kinga ni mapema: kuosha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha chanjo bila kuchelewa, na kurudi kwa kila dozi hadi zikamilike. Katika ugonjwa kama huo, sheria inayosubiri mbwa aume mara ya pili ndipo ijue kwamba ni mkali, imechelewa kwa maisha ya mtu mmoja. Swali la "ulijua?" linatazama nyuma. "Mtoto apelekwe hospitali kwanza" linatazama saa.

Na chanjo si bure kila mahali, wala nauli si bure popote. Hapo ndipo neno "si wangu" linapoweza kuua. Kila saa inayopotea watu wakibishana mbwa ni wa nani, ni saa ya mtoto. Mama asiye na hela anasubiri mwenye mbwa akubali. Mwenye mbwa anasubiri ushahidi. Virusi havisubiri mtu.

Nisiipambe mila kupita kiasi. Baraza lile lilikuwa na bahati ya kuwa na mzee yule siku ile. Kijiji cha pili ningeweza kumkuta mzee ambaye ni shemeji wa mwenye mbwa. Mila isiyoandikwa inategemea aliyekaa kitini, na ndiyo maana ninataka swali lake liandikwe. Sheria ndogo ya mstari mmoja ingetosha: anayemlisha mbwa, au kumlaza, anagharimia matibabu ya aliyeumwa kwanza, kisha akitaka kubisha abishe. Kiswahili kimekuwa lugha ya sheria na mahakama zetu tangu 2021. Basi huu ungekuwa mwanzo mzuri wa kukitumia.

Mwenye mbwa alitoa nauli siku ileile, bado akinung'unika. Ofisa mifugo akaagiza mbwa afungwe na kuangaliwa kwa siku kumi, kwa kuwa mbwa mwenye ugonjwa kwa kawaida huonyesha dalili au hufa ndani ya muda huo. Siku ya kumi na moja nilipita tena kijijini, safari hii kwa ajili ya maharage kweli. Mbwa alikuwa hai, amefungwa kwenye mgomba, anakula ugali kwenye sufuria lililotoboka. Mtoto alikuwa amemaliza dozi tatu, na mama yake aliniambia mguu unapona.

Mtendaji alikuwa amefungua daftari jipya la kuandikisha mbwa wa kijiji. Ukurasa wa kwanza ulikuwa na safu nne: rangi, jinsia, chanjo, na mwenye mbwa. Mstari wa kwanza ulisomeka: mwekundu, dume, bado. Safu ya nne ilikuwa na jina la yule bwana, na pembeni yake sahihi yake mwenyewe.

"Aliandika bila kubisha?" nikamuuliza.

"Alibisha," mtendaji akasema. "Nikamuuliza kama wezi wakija tena tumwite nani."